Gea za Motokaa: Wingi Wake Si Nguvu Yake

Mtu aendapo kununua motokaa iliyokwisha kutumiwa, moja katika mambo ambayo muuzaji humweleza kwa kujivuna ni hesabu ya gea. "Hii ina gea tano," husema, "na ile pale ina nane." Mnunuzi hutikisa kichwa kama mtu aliyefahamu, kisha akaongeza fedha juu ya bei, maana ameamini kwamba gea nyingi ni nguvu nyingi. Lakini akiulizwa gea ya tano yafanya kazi gani ambayo gea ya nne haiwezi kuifanya, hana jibu.

Tena yako magari mengi ya otomatiki ambayo mkono wake wa gea una kitufe kidogo ubavuni chenye herufi O/D. Wenye magari hayo wengine hawajakigusa kitufe hicho tangu siku waliyonunua gari. Wengine wamekibonyeza pasipo kukusudia, taa ya rangi ya manjano ikawaka mbele ya usukani, nao wakakimbilia kwa fundi wakidhani kwamba sanduku la gea limeharibika.

Kutojua mambo haya si jambo dogo. Katika barabara tambarare humgharimu mwenye gari petroli bure. Katika mlima huichosha injini kabla ya wakati wake. Na katika mteremko mrefu huweza kumgharimu dereva na abiria wake maisha yao. Kwa hiyo yafaa kila mwenye kushika usukani, na kila mwenye kutaka kununua gari, ajue gea hufanya kazi gani.

KAZI YA GEA

Mwanzo wa elimu hii ni baiskeli, ambayo kila mtu wa mjini na wa shamba aijua. Baiskeli ina gurudumu la meno mbele, penye kanyagio, na jingine dogo nyuma, na mnyororo umeyaunganisha. Ikiwa la mbele lina meno 48 na la nyuma lina meno 16, basi miguu ya mwendeshaji ikizunguka mara moja, gurudumu la nyuma huzunguka mara 3. Hapo amepata mwendo, lakini kwa mwendo huo ametoa nguvu. Katika barabara iliyo sawa hasikii uzito wo wote. Lakini afikapo kilimani baiskeli humlemea, akashuka na kuisukuma kwa mkono. Si kwamba miguu yake imekuwa dhaifu ghafula. Baiskeli yake ina gea moja tu, nayo ni gea ya mwendo, si gea ya nguvu.

Motokaa nayo ina shida kama hiyo, tena kubwa zaidi. Injini ya petroli haiwezi kuanza kazi kutoka kwenye utulivu kama mtu aanzavyo kutembea. Ikiwa inanguruma tu gari likiwa limesimama, huzunguka yapata mara 800 kwa dakika. Ikilazimishwa kuzunguka polepole kuliko hapo, huzimika. Na ikizungushwa kupita kiasi chake, ambacho kwa injini nyingi ni karibu na mara 6,000 au zaidi kidogo kwa dakika, huumia. Lakini magurudumu yapaswa kuanza kwenye sifuri kabisa, kuvuta gari zito lenye watu na mizigo, kisha kufika mwendo wa kilomita 100 kwa saa. Hapana budi pawe na kitu katikati cha kupatanisha injini na magurudumu. Kitu hicho ndicho sanduku la gea.

Ndani ya sanduku hilo yamo magurudumu ya chuma yenye meno, madogo kwa makubwa. Gurudumu dogo lenye meno 12 likilizungusha kubwa lenye meno 42, lile dogo litazunguka mara tatu na nusu kabla kubwa halijamaliza mzunguko mmoja. Mwendo umepungua mara tatu na nusu. Lakini nguvu ya kuzungusha imeongezeka mara tatu na nusu, ila ile kidogo inayopotea kwa msuguano. Kipimo cha gea hiyo huandikwa 3.5.

Hapa pana sheria ambayo hakuna fundi duniani awezaye kuivunja. Uwezo wa injini ni ule ule. Gea haiongezi uwezo hata chembe, bali huugawanya tu. Ukitaka nguvu nyingi utapewa mwendo kidogo, na ukitaka mwendo mwingi utapewa nguvu kidogo. Wazee walisema kwamba mshika mbili moja humponyoka, na neno hilo ni kweli ndani ya sanduku la gea kama lilivyo kweli nje yake.

MFANO WA GARI LA GEA TANO

Na utwaliwe mfano wa gari dogo la kawaida lenye gea tano. Vipimo vyake viwe hivi: gea ya kwanza 3.5, ya pili 2.0, ya tatu 1.4, ya nne 1.0 na ya tano 0.8. Baada ya sanduku la gea mna difu, ambayo nayo hupunguza mizunguko mara 4 kabla ya kufika magurudumuni. Kwa hiyo katika gea ya kwanza injini huzunguka mara 14 ili gurudumu lizunguke mara moja. Katika ya pili huzunguka mara 8, katika ya tatu mara 5.6, katika ya nne mara 4, na katika ya tano mara 3.2 tu.

Gurudumu la gari hilo likizunguka mara moja juu ya ardhi, gari huenda mita 2. Katika gea ya kwanza, hata injini ikilia kwa mizunguko 6,000 kwa dakika, gari haliwezi kupita kilomita 51 kwa saa. Lakini katika gea hiyo hiyo litaweza kung'oka matopeni au kuondoka na mzigo kilimani.

Msomaji na aangalie sana gea ya nne na ya tano. Katika gea ya nne, yenye kipimo cha 1.0, injini na mhimili uendao kwenye difu huzunguka sawasawa. Haipunguzi wala haizidishi. Mafundi huiita gea ya moja kwa moja. Lakini katika gea ya tano, yenye kipimo cha 0.8, mhimili uendao kwenye difu huzunguka upesi kuliko injini yenyewe. Injini ikizunguka mara 4, mhimili huzunguka mara 5. Gea ya namna hii ndiyo iitwayo ovadraivi, yaani gea ambayo mwendo wake umepita mwendo wa injini.

Basi kwa ile sheria iliyotajwa juu, gea ya tano si gea yenye nguvu kupita zote. Ni kinyume chake kabisa. Katika gari hili ndiyo dhaifu kupita zote: magurudumuni huleta sehemu nne tu katika tano za nguvu ya gea ya nne. Katika magari mengi ya namna hii mwendo wa mwisho kabisa wa gari hupatikana katika gea ya nne, wala si katika ya tano. Anayelipa fedha zaidi kwa ajili ya gea ya tano akidhani amenunua nguvu amenunua kitu kingine.

FAIDA YA OVADRAIVI

Kitu alichonunua ni pumziko la injini. Gari la mfano wetu likienda kilomita 100 kwa saa katika gea ya nne, injini huzunguka karibu mara 3,330 kwa dakika. Katika gea ya tano, kwa mwendo ule ule, huzunguka karibu mara 2,670. Kutoka Nairobi hadi Mombasa ni kama kilomita 480. Kama safari yote ingaliweza kufanywa katika gea ya nne, injini ingalizunguka mara 960,000. Katika gea ya tano ingalizunguka mara 768,000. Imepunguziwa mizunguko 192,000 katika safari moja.

Kila mzunguko una gharama yake. Pistoni husuguana na kuta za silinda, pampu ya oili husukuma, na injini hujitaabisha kuvuta hewa kupitia mlango mwembamba uliofunguliwa nusu. Injini inapozunguka polepole huku mlango wa hewa umefunguliwa zaidi, hupumua kwa urahisi, na sehemu kubwa zaidi ya petroli huenda katika kusukuma gari badala ya kupotea katika msuguano. Ndiyo sababu ovadraivi hupunguza petroli, hupunguza makelele ndani ya gari, na huongeza maisha ya injini.

Lakini dereva asidanganyike. Upinzani wa hewa huongezeka kwa haraka kuliko mwendo: mwendo ukiwa mara mbili, upinzani huwa mara nne. Anayetumia ovadraivi ili akimbie zaidi ataimaliza njiani ile petroli aliyotaka kuiokoa.

ASILI YAKE

Gari la Ford T, lililotengenezwa Marekani tangu mwaka 1908 hadi 1927, lilikuwa na gea mbili tu za kwenda mbele, na mamilioni ya watu walisafiri nalo. Baadaye gea tatu zikawa desturi huko Marekani, na gea nne zikaenea katika Ulaya. Barabara zilipotengenezwa vizuri, watu wakaona kwamba injini zao zinapiga kelele bure katika safari ndefu. Mwaka 1934 magari ya Chrysler na DeSoto yaliuzwa yakiwa na ovadraivi iliyotengenezwa na kampuni ya Borg-Warner.

Huko Uingereza, baada ya Vita Kuu ya Pili, kampuni ya Laycock ya mji wa Sheffield ilitengeneza ovadraivi iliyobuniwa na Edgar de Normanville. Ilianza katika gari la Standard Vanguard, na katika miaka iliyofuata ikatiwa katika magari mengi, kama Triumph na Volvo. Kilikuwa chombo cha peke yake, kilichofungwa nyuma ya sanduku la gea, na dereva alikiwasha kwa swichi kama awashavyo taa.

Namna kilivyofanya kazi yapendeza kujulikana. Ndani yake mlikuwa na gurudumu dogo la meno katikati, ambalo mafundi huliita jua. Kando yake palikuwa na magurudumu madogo yanayolizunguka, yaitwayo sayari. Na nje ya yote palikuwa na duara kubwa lenye meno kwa ndani. Injini iliwazungusha sayari wote pamoja katika kishikizo chao, na lile duara la nje ndilo lililopeleka mwendo kwenye difu. Swichi isipowashwa, vyote vilifungamana na kuzunguka kama kitu kimoja, na gea ikawa ya moja kwa moja. Swichi ilipowashwa, nguvu ya oili ililishika jua lisizunguke. Hapo sayari, huku wakilizunguka jua lililosimama, walilisukuma duara la nje kwa mwendo uliozidi wao wenyewe. Kwa mfano, jua likiwa na meno 20 na duara la nje meno 80, sayari wakienda mzunguko mmoja, duara huenda mzunguko mmoja na robo. Hiyo ndiyo 0.8. Magurudumu ya jua na sayari yamo mpaka leo katika masanduku mengi ya gea za otomatiki.

Si magari yote yaliyohitaji chombo cha kuongezwa. Volkswagen ile ndogo yenye umbo la kobe, iliyojulikana sana katika Afrika ya Mashariki, ilikuwa na gea nne tu, lakini ya nne yake katika miaka ya 1950 ilikuwa na kipimo cha 0.82. Hiyo ilikuwa ovadraivi tayari, ijapokuwa wengi walioliendesha hawakujua. Baada ya bei ya mafuta kupanda sana katika mwaka 1973, watengenezaji wengi waliongeza gea ya tano ya ovadraivi ndani ya sanduku lenyewe, na vile vyombo vya kufungwa kwa nje vikatoweka polepole.

HESABU YA GEA ISIMDANGANYE MTU

Sasa yaonekana wazi kwa nini hesabu ya gea peke yake haimwambii mnunuzi jambo kubwa. Yawekwe magari mawili mbele yake. La kwanza lina gea tano. Ya tano ni 0.8 na difu yake ni 4.0. La pili lina gea nne. Ya nne ni 1.0 na difu yake ni 3.2. Katika gea ya juu, la kwanza huzungusha injini mara 3.2 kwa kila mzunguko wa gurudumu, na la pili pia huzungusha mara 3.2. Yakiwa na magurudumu ya ukubwa mmoja, katika barabara ndefu injini zao zitazunguka sawasawa. Tofauti ya gea nne na tano haikuleta kitu hapo, kwa kuwa difu nayo ni sehemu ya hesabu.

Kwa nini basi magari ya siku hizi yana gea sita, nane, hata kumi? Sanduku la gea nane lililotengenezwa na kampuni ya ZF ya Ujerumani, na lililoanza kutumiwa mwaka 2009, lina gea ya kwanza ya 4.7, ya sita ndiyo ya moja kwa moja, na ya saba na ya nane ni ovadraivi, zenye vipimo vya 0.84 na 0.67. Sanduku la gea kumi lililotiwa katika malori madogo ya Ford huko Marekani tangu mwaka 2017 lina ovadraivi tatu. Faida yake ni mbili. Ya kwanza, umbali kati ya gea ya chini na ya juu umekuwa mkubwa, hivi kwamba gari laweza kuvuta vizuri na pia kupumzika vizuri. Ya pili, hatua kati ya gea na gea zimekuwa fupi.

Jambo hili ni kama ngazi. Ngazi ya vidato vinne na ngazi ya vidato nane zaweza kufika dari moja. Aliye na vidato nane hapandi juu zaidi, ila hatanui miguu sana. Vivyo hivyo injini yenye gea nyingi haitupwi kutoka mizunguko mingi hadi michache kila gea ibadilishwapo. Hukaa karibu na mwendo ule inaofanya kazi vizuri. Lakini kila gea inayoongezwa huongeza uzito, bei na vitu vya kuharibika, na fundi wa kuitengeneza si rahisi kupatikana kila mahali. Ziko pia otomatiki zisizo na gea za kuhesabiwa kabisa, bali mkanda wa chuma upitao kati ya magurudumu mawili yanayopanuka na kubana, na hizo zaweza kuchagua kipimo cho chote kati ya mwanzo na mwisho.

Wanaohitaji gea nyingi kweli kweli ni wenye malori makubwa. Injini ya dizeli ya lori huzunguka katika nafasi nyembamba, na lori lenyewe laweza kuwa tupu leo na kesho likabeba tani 30. Kwa hiyo yako malori yenye gea 16. Dereva hana nafasi 16 za kusogeza mkono: ana gea 4 za asili, swichi ya kuzifanya za chini au za juu, na swichi nyingine ya kuigawa kila moja mara mbili. Nne mara mbili mara mbili ni 16. Land Rover za zamani nazo zilikuwa na gea nne na kifaa cha pili cha chini na juu, zikawa nane.

Mnunuzi mwenye busara, basi, asiulize tu, "Ina gea ngapi?" Na aliendeshe gari katika barabara nzuri ambapo sheria inamruhusu, atazame mshale wa mizunguko ya injini katika gea ya juu, kisha alipeleke kwenye mlima aone kama linayo gea ya kumfaa hapo.

WAKATI WA KUPANDA

Ovadraivi ni gea ya barabara tambarare na mzigo wa kadiri. Dereva akiing'ang'ania mlimani, injini huanza kutetemeka na kugonga kama mtu anayepigwa na mzigo. Akikanyaga mafuta zaidi, petroli huingia nyingi lakini gari haliongezi mwendo. Hapo haokoi kitu, bali huumiza pistoni na beringi. Dawa ni kushuka gea mapema, kabla mwendo haujafa. Mizunguko ikiongezeka kidogo asiogope, maana injini iliyo katika gea yake ya haki hulia bila kuumia.

Katika otomatiki ya zamani isiyo na akili nyingi, gari laweza kupanda ovadraivi, likashindwa, likashuka, kisha likapanda tena, mara kwa mara katika mlima mmoja. Kubadilika huko huipasha oili ya sanduku moto, na oili iliyoungua ndiyo mauti ya otomatiki. Kazi ya kitufe cha O/D ni hii. Kikibonyezwa, taa ya O/D OFF huwaka, na maana yake si kwamba gari ni bovu. Maana yake ni kwamba gari limeambiwa lisiingie ovadraivi. Kifanywe hivyo katika mlima mrefu, katika kuvuta trela, na katika mteremko. Ikifikiwa tambarare kibonyezwe tena, taa izimike, na injini ipate pumziko lake. Ila taa hiyo ikiwa inawaka na kuzimika yenyewe bila kubonyezwa, hapo ni haki kumwona fundi, maana katika magari mengi hiyo ndiyo ishara ya hitilafu.

WAKATI WA KUSHUKA

Hapa ndipo penye jambo kubwa kupita yote. Gea ambayo huipa injini nguvu ya kulivuta gari juu ndiyo hiyo hiyo huipa injini nguvu ya kulizuia gari chini. Dereva akiondoa mguu kwenye mafuta katika gea ya pili au ya tatu, magurudumu hulazimika kuizungusha injini, na injini hukataa, gari likashikwa. Katika ovadraivi injini hushika kidogo sana. Na gea ikiondolewa kabisa, gari likaachwa liteleze, injini haishiki hata kidogo. Kazi yote imeachiwa breki.

Breki haziondoi mwendo kwa muujiza; huugeuza kuwa joto. Lori lenye uzito wa tani 30 likishuka mita 300 kutoka juu hadi chini, nguvu inayopaswa kuzuiwa yatosha kuchemsha madebe 13 ya maji, kila debe lita 20. Joto hilo likipelekwa lote katika breki, vyuma hupata moto mwekundu, vitambaa vya breki huteleza, na katika magari madogo mafuta ya breki huchemka. Dereva hukanyaga, na mguu wake huzama pasipo jibu.

Barabara za Kenya zina miteremko mingi ya namna hiyo. Kuna ile ishukayo kutoka ukingo wa Bonde la Ufa kwenda Mai Mahiu. Kuna ile ya Salgaa na Sachangwan, katika njia ya Nakuru kwenda Eldoret, ambapo watu wengi walipoteza maisha, na ambapo wakuu wa usalama barabarani walitaja mara nyingi desturi ya madereva wa malori kuteremka bila gea kuwa moja katika sababu. Madereva wanaofanya hivyo husema kwamba wanaokoa mafuta.

Hesabu yao ni mbovu hata kwa fedha. Katika injini za siku hizi, gari likiteremka ndani ya gea na mguu umeondolewa kwenye mafuta, mafuta hufungwa kabisa, na magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Lakini gea ikiondolewa, injini huhitaji mafuta ya kuiweka hai isizimike. Basi anayeachia gea mteremkoni hutumia mafuta zaidi kuliko yule aliye ndani ya gea, tena ameitupa breki yake iliyo bora kupita zote. Amepata hasara mbili kwa jambo moja.

Kanuni ya zamani haijazeeka: mlima ushukwe kwa gea ile ile ambayo ungepandwa nayo. Na gea hiyo iingizwe juu, kabla ya mteremko kuanza, maana gari zito likiisha shika kasi huenda gea isikubali kuingia tena. Breki zitumiwe kwa kukanyaga na kuachia, zipate nafasi ya kupoa, wala zisikanyagwe mfululizo toka juu hadi chini.

Kwa hiyo dereva stadi hajulikani kwa wingi wa gea alizo nazo, bali kwa kujua ipi ni ya wapi. Katika tambarare huipa injini pumziko la ovadraivi. Mlimani huiondoa bila kuona haya. Juu ya mteremko, kabla hajaanza kushuka, hushusha gea, akasikia injini ikiguna na gari likishikwa, naye akateremka polepole na abiria wake mpaka chini.